Gari Linalopiga Hodi

Feliksi alikuwa fundi wa mitumbwi pale Ilagala, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Akiunga mbao mbili, hata sisimizi hapiti. Basi sifa zikamlevya. Beringi ya nyuma ya gari lake kuukuu ilipoanza kuunguruma, alisema fundi ni fundi tu. Akaifungua difu mwenyewe, lile bonge la chuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Akatia beringi mpya. Akakaza nati kwa nguvu zake zote, maana kwenye mtumbwi kilicholegea huingiza maji.

Jumapili akampeleka mama yake, Bibi Yuliana, kanisani. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akiona ukungu tu. Alhamisi alitakiwa hospitalini Kigoma kwa upasuaji, na nafasi hiyo alikuwa ameingoja miezi saba. Lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Feliksi, gari lako linapiga hodi," akasema.

Feliksi akacheka, akasema ni mawe ya barabarani. Bibi akamjibu kwamba mawe hayamngoji dereva. Hodi ilipigwa kila alipokanyaga mafuta, na tena kila alipoachia. Feliksi akajaribu. Akakanyaga: ko. Akaachia: ko. Kicheko kikamwisha.

Uwanjani kanisani walimkuta Elida, binti wa jirani yao, fundi wa magari huko Ujiji. Alikuwa amekuja kuwasalimia wazazi wake. Akamwamkia Bibi kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akamwuliza Feliksi mlio aliousikia gari likiingia ulianza lini. Feliksi akakiri kwa shingo upande kwamba ulianza baada ya yeye kuifunga difu.

Elida hakumcheka. Gari lilikuwa penye tambarare. Akazima injini, akaweka gia huru, akaweka mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu. Halafu akafunga kanga juu ya gauni lake la kanisani, akajitoma chini ya gari. Waumini wakabaki midomo wazi.

Kwanza alishika krosi, vile viungo vya kwenye ncha za propela, mhimili mrefu unaounganisha injini na difu, akavitikisa. Vilikuwa imara. Akakagua boliti zake, nazo zilikuwa zimekazwa. Kisha akachora mstari wa mkaa kwenye propela, akaizungusha kwa mkono huku na huku. Magurudumu hayakusogea hata chembe, lakini ule mstari ulikwenda upana wa kidole gumba kizima, ukarudi: ko.

"Mchezo kidogo, yaani nafasi kati ya meno ya gia, lazima uwepo, mzee," Elida akasema. "Chuma kikipata moto kinavimba, na oili inataka pa kupita. Ukibana kabisa, unaua meno ya gia. Ila huu umezidi."

Feliksi akauliza kama gari lingevumilia hadi Alhamisi. Elida akakataa katakata. Jino likikatika na vipande vikajibana, magurudumu ya nyuma yanaweza kugoma ghafla, hata kwenye mteremko. Feliksi akamtazama mama yake, aliyeketi kiti cha mbele, mkoba mapajani, akimwamini mwanawe.

Gari likasukumwa hadi nyumbani. Difu ikashushwa, na Jumatatu ikapelekwa gereji Ujiji, penye vifaa. Huko Elida akaifungua, akapaka rangi ya manjano kwenye meno ya gia kubwa, akaizungusha taratibu.

"Tazama rangi ilipofutika. Hapo ndipo meno yanapogusana."

Ilikuwa imefutika kwenye ncha za meno tu, ukingo mwembamba kama uzi. Feliksi akaduwaa. Yeye naye hupaka masizi kwenye mbavu za mtumbwi, kisha hubandika ubao aone unapogusa. Kumbe chuma nacho husema kweli kwa njia ile ile. Miaka thelathini alikuwa na elimu ile mkononi, na hakujua inafika mbali hivi.

Elida akamwuliza kama hakuona pete nyembamba nyuma ya beringi ya zamani. Alikuwa ameiona. Alidhani ni ganda la kutu, akaibandua kwa patasi, ikapinda, akaitupa kwenye kopo la misumari. Elida akamweleza kwamba pete ile huitwa shimu, na ndiyo inayoisogeza gia ndogo ikutane na kubwa sawasawa. Haikuzidi unene wa ukucha. Gari zima na roho zilizomo, vyote juu ya ukucha. Kweli mdharau mwiba, mguu huota tende.

Akaweka shimu mpya ya unene unaotakiwa. Akapima mchezo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Akapaka rangi tena, na safari hii ikafutika katikati ya jino. Feliksi akainama akatazama, akainuka, akainama tena.

Alhamisi Bibi alikaa kimya njia nzima, kichwa upande, akisikiliza. Vilima vikapita. Kigoma ilipotokea, akatamka neno moja tu: "Kimya."

Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Bibi akalitazama ziwa mpaka machozi yakamtoka. Akamtazama mwanawe, akashangaa mvi zake. Kisha akaomba aonyeshwe kile kibati cha shimu kilichopinda, ambacho Feliksi alikuwa amekiokota kwenye kopo la misumari. Feliksi akakitoa mfukoni. Bibi akakiinua juani, akakigeuzageuza.

"Mimi nilikuwa na mtoto wa jicho, mwanangu," akasema. "Wewe ulikuwa na nini?"

Feliksi akakipokea kibati, akakirudisha mfukoni. Akamshika mkono, wakaenda garini.