Dole Gumba la Mwalimu

Kufuli lilikuwa limekatwa, kabati liko wazi, na fomu arobaini za utafiti hazipo. Kompyuta ilikuwa palepale juu ya meza, chaja yake imechomekwa ukutani.

"Mwizi mwenye adabu huyu," alisema Inspekta, akichungulia kabatini. "Anaacha kompyuta, anabeba karatasi."

Ilikuwa saa tatu asubuhi katika kliniki ya kifua kikuu, na wagonjwa walikuwa wameshajipanga kwenye mabenchi nje, kila mmoja na barakoa yake. Mwanafunzi aliyetoa taarifa alisimama kando ya mlango. Alikuwa ametoka nchi nyingine kwa utafiti wa miezi minne wa uchumi wa afya. Dawa hutolewa bure, sawa. Je, mgonjwa anapoteza nini hadi apone? Siku za kazi, nauli, masomo ya watoto? Ilimbidi azunguke nyumba kwa nyumba akiuliza. Pale kliniki walimwita Mgeni, na jina likamganda.

"Nani ana ufunguo wa chumba hiki?"

"Mimi na Sista."

"Nani mwingine alizitaka hizo fomu?"

"Msimamizi wangu. Anafika Jumatatu. Angechagua majina kadhaa, akawaulize wagonjwa upya, alinganishe majibu."

Miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa imemfundisha Inspekta kwamba aliyeibiwa huwa na maneno mengi. Hulaani, hulalamika, humtaja jirani. Huyu alijibu alichoulizwa tu, jasho jembamba likimtoka.

Mtaalamu wa alama za vidole alipaka unga wake kabatini, kisha akachukua kwa wino alama za Mgeni na za Sista, muuguzi mkuu, ili azitenge na za mwizi.

"Sista, hakuna nakala yoyote iliyobaki?" Inspekta aliuliza.

"Za majibu hakuna. Za ridhaa ninazo. Kila anayekubali kuhojiwa anatia saini nakala mbili, moja inakaa kwangu."

Akazitoa kwenye droo. Hakuwa amewahi kuzipekua. Kazi zilimzidi kimo. Ishirini na tisa zilikuwa na saini. Kumi na moja zilikuwa na dole gumba, kama wafanyavyo wasiojua kuandika. Alipofika ya saba kati ya hizo, mkono wake ukasimama.

"Huyu si Mwalimu?"

"Mwalimu gani?"

"Aliyewafundisha wanangu wote watatu kusoma. Tangu lini Mwalimu akaweka dole gumba?"

"Twende tukamuulize."

"Tulimzika Jumanne, Inspekta." Sista akakaa. "Kumbe aliacha dawa alipoona nafuu. Mimi sikujua. Mgeni alikuwa akizunguka majumbani, nikamwomba aniletee habari za wagonjwa. Kila wiki aliniandikia kwamba Mwalimu anameza dawa vizuri. Nikaacha kumpigia simu. Mimi ndiye niliyeiamini karatasi."

Inspekta alimpa mtaalamu zile fomu kumi na moja. Yule bwana akaziinamia na lenzi yake kwa robo saa nzima.

"Njia ya mwongo fupi," akasema mwishowe. "Dole ni moja, zote kumi na moja. Na mwenyewe yumo humu chumbani."

Mgeni alikuwa akijifuta wino kwenye suruali.

"Fomu ziko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye sanduku langu, chini ya nguo."

"Mbona hukuzichoma?"

"Ishirini na tisa ni za kweli. Watu walinieleza maisha yao. Nilishindwa."

"Na hizi nyingine?"

"Nilizijaza kitandani kwangu."

"Uvivu?"

"Woga. Kwa Mwalimu nilifika. Nilisikia kikohozi kabla sijabisha. Nikawaza, nikiugua huku ugenini nitauguzwa na nani? Akaniona dirishani, akasema, 'Karibu, mwanangu, pita ndani.' Nikamwambia samahani, nimekosea nyumba. Zile nyumba kumi zilizobaki sikufika kabisa."

Sista hakungoja zaidi. Alichukua daftari la wagonjwa na simu, akaanza kuwatafuta hao kumi. Kufikia alasiri wote walikuwa wamepatikana, wakiwa hai. Wawili walikuwa wameacha dawa, wakarudishwa siku hiyohiyo.

Mgeni alipoambiwa hivyo alilia, lakini hakupata ahueni.

"Nishtakiwe tu," alisema. "Ila kwanza nipelekeni kwa mke wa Mwalimu. Asije akasikia kwa watu."

Sheria haikumlazimisha Inspekta kukubali. Alikubali.

Mjane aliwapokea sebuleni. Mgeni alikataa kiti, akasema yote akiwa amesimama: fomu, dole, habari za uongo, hadi yale maneno ya dirishani.

"Kumbe ndiye wewe," Mjane akasema. "Mume wangu alinituma nikufuate. Alisema kuna mtoto wa watu amepotea njia, nikamwelekeze. Nilitembea mpaka kona ya pili, nikaita, sikukuona."

Mgeni akapiga magoti.

"Nilikuona, Mama," akasema. "Nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilingoja mpaka ukarudi."