Noti Aliyoibadilisha Blandine

Kila Jumatano baada ya masomo, Blandine alichukua fidla yake na kutoka mtaa wa Namuwongo kwenda mtaa wa Bukoto, kwenye ukumbi wa kanisa alikofundisha Mwalimu Nabalayo.

Mwalimu Nabalayo alikuwa mtunzi wa muziki. Asubuhi aliandika noti, mchana aliwafundisha watoto kumi na wawili kupiga fidla. Nyimbo zake hazikufanana na zile za kanisani. Mara zilitulia, mara sauti ziligongana kama watu wawili wanaozungumza kwa pamoja. Wanafunzi aliwataka wanakili noti kwa mkono, ili waujue wimbo kabla ya kuupiga.

Kwa kuwa mwandiko wa Blandine ulisomeka vizuri, safari hii alipewa kunakili sehemu ya fidla za pili, yaani kundi la pili la wapigaji, nakala nne, kutoka karatasi yenye sehemu zote. Wimbo ulikuwa mpya, wa tamasha la Jumapili.

Nyumbani, alipofika mstari wa sita, alisita. Fidla za kwanza zilishika *so*, na za pili zilishika *fa*, kwa wakati mmoja. Alizijaribu zote mbili pamoja kwenye fidla yake. Meno yakamsisimka.

"Hapo pamekosewa," alisema kaka yake Guerschom, aliyeimba kwaya. "Weka *mi*, itapendeza."

"Mwalimu hakosei, kaka."

"Nani asiyekosea? Labda alichoka."

Blandine alibaki njia panda. Alifikiri kumpigia Mwalimu simu, akaona haya. Mwishowe aliandika *mi* katika nakala zote nne. Hata alipomaliza, hakujua kama amesahihisha au ameharibu.

Ijumaa walifanya mazoezi. Walipofika mstari wa sita, Mwalimu alishusha mkono.

"Rudieni."

Walirudia. Akainamisha kichwa, akageuza sikio la kulia.

"Fidla za pili peke yao." Wakapiga. "Mimi nasikia *mi*," alisema polepole. "Mnapiga kilichoandikwa?"

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Adyero, aliyekaa karibu na Blandine.

"Blandine, ulinakili kama ilivyo?"

Watoto wote walimgeukia. Akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu aliketi. Kisha akawaeleza kwamba daktari alikwishamwambia sikio lake la kushoto linadhoofika, na kwamba huenda siku moja angesikia noti visivyo. "Sikutarajia iwe mapema hivi," alisema. "Jumapili nitamwomba mtu mwingine awasimamie. Mimi siwezi tena kuyaamini masikio yangu."

Blandine alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Kama *fa* ilikuwa kosa, mbona Mwalimu aliitafuta? Na kama haikuwa kosa, mbona ilisikika vibaya? Hilo hakulielewa. Alichokielewa ni kimoja tu: masikio ya Mwalimu yalisikia sawasawa.

Jumamosi asubuhi alibisha mlango wa Mwalimu. Alimkuta akifunga karatasi zake za noti kwa kamba.

"Mwalimu, nilibadilisha mimi," alisema kabla hajakaribishwa kuketi. "Niliweka *mi* mahali pa *fa*. Nilidhani umekosea. Uliponiuliza, nikaogopa."

Mwalimu aliiacha kamba. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Blandine alingoja kukaripiwa.

"Toa fidla," alisema Mwalimu. Akachukua yake, akapiga *so*. "Nipe *fa*."

Sauti mbili zilisuguana chumbani.

"Unakaa Namuwongo. Treni ikipiga honi, akina mama wanaouza ndizi kando ya reli hunyamaza?"

"Hapana. Huita wateja kwa nguvu zaidi."

"Sauti zao zinapatana na honi?"

Blandine alifikiri. "Hazipatani. Lakini ndivyo kwetu kunavyosikika."

"Ndicho nilichoandika."

Walipiga tena. Bado ilimsisimua meno, ila safari hii hakutaka kuiondoa.

Alasiri hiyo Blandine alizisahihisha nakala nne, na kabla ya mazoezi ya mwisho jioni akawaeleza wenzake alichofanya. Haikuwa rahisi: Adyero hakumsemesha mpaka mazoezi yalipokwisha. Jumapili Mwalimu Nabalayo alisimama mbele yao mwenyewe. Kwenye mstari wa sita watu kadhaa ukumbini walitazamana, wasijue kama watoto wamekosea. Mama yake Blandine alikunja uso, kisha akatabasamu: alikuwa amezitambua sauti za relini kwao.

Watu walipokuwa wakitoka, Mwalimu alimwita Blandine kando.

"Kutoelewa noti si kosa," alimwambia. "Ungeniuliza, ningekueleza. Lakini uliponidanganya, ulinifanya niyashuku masikio yangu usiku mzima. Daktari hakusema uongo, mwanangu. Sikio hili litaendelea kudhoofika. Ndiyo maana nahitaji kuzungukwa na watu wanaoniambia kweli."

"Nitakuambia, Mwalimu," alisema Blandine.

"Basi wimbo unaofuata utanakili wewe tena."