Daftari la Chumvi

Fuso la Yesaya lilipasua kizuizi cha barabarani pale Mpemba, likamrusha askari mtaroni.

"Daftari likivuka mpaka, tumekwisha," redio ilinguruma sikioni. "Risasi ruksa."

"Nimekupata, Mkuu."

Tulinagwe, jasusi mzaliwa wa Isongole, mwanamke asiyejua mzaha, alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaunguruma.

Ndani ya Fuso lile kulikuwa na daftari la mwaka 1952, lenye majina ya familia za Ivuna na mashimo yao ya chumvi. Nakala nyingine hakuna. Kesho yake baraza la ardhi lilikuwa linakaa, na wageni walioitamani chumvi ile walishamlipa Yesaya alipoteze. Bila daftari, watu wale wangefukuzwa kwao mchana kweupe. Tena mshenzi huyo alimteka na Mama Loisi, mtunza nyaraka, asije akatoa ushahidi.

Tunduma mpakani, foleni ya malori ikamziba Yesaya.

Dereva wake akaruka chini na SMG. Tulinagwe akamlaza kwa risasi mbili za kifua. Utingo akaja na panga. Akavunjwa mkono, akavunjwa taya pia.

Jamani, ilikuwa shughuli.

Tulinagwe akapanda nyuma ya Fuso, akafunua turubai. Mama Loisi alikuwa ameketi sakafuni, kafungwa kamba, bastola ya Yesaya kisogoni. Yesaya alisimama nyuma yake, daftari kubwa kalikumbatia kifuani. Akacheka, akamwambia Tulinagwe apige basi, atoboe majina ya watu wake.

Kidole cha Tulinagwe kikaganda. Aliogopa, aliogopa kweli. Jina moja likitoboka, familia moja haina kwao.

"Mwanangu," Mama Loisi alisema taratibu, "lenga kona ya chini ya daftari, kulia kwako. Huko mchwa walishakula. Hakuna jina."

Glock ya Tulinagwe ikalia mara moja.

Yesaya akaanguka chali, ubavu umepasuka. Akajaribu kuinua bastola. Ya pili ikamwingia kwenye paji la uso.

Tulinagwe akakata kamba, akanyoosha mkono aliokote daftari.

"Usiguse. Una damu."

Mama Loisi akafuta vidole kwenye kitenge, akapekua kurasa zote. Majina yalikuwa salama. Akachomoa penseli kwenye nywele, akafungua ukurasa wa mbele, panapoandikwa madhara yaliyokipata kitabu. Chini ya "Mchwa, 1987" akaandika: "Risasi, 2025."

Tulinagwe akaripoti redioni kwamba mzigo umepatikana, akavaa miwani ya jua, akashuka kwenda kutafuta maji ya kunawa.