Nasaba Chini ya Kufuli

Soko la Chake Chake lilikuwa limefurika, msimu wa karafuu, na kila mtu ana chochote kitu mfukoni. Rahma binti Bakar, buibui jeusi na mtandio wa zambarau, alikuwa akichagua maembe pale mgeni mmoja alipomkanyaga pindo akaganda palepale.

"Kaka, umesimama juu ya nguo yangu."

"Samahani, dada. Nilikuwa nakutazama weye, sikutazama chini."

"Basi sasa tazama chini."

Mgeni akaondoa mguu, uso umemwiva. Harufu ya udi ikabaki kwenye maembe.

Kesho yake Rahma alimkuta kazini kwake, katika hospitali ndogo ya watu binafsi alikotunza mafaili ya wagonjwa. Kumbe ni Zahran, fundi wa kompyuta kutoka Unguja, ameletwa kufunga mfumo unaosoma kila faili wenyewe na kuamua lipi ni la siri.

"Faili lenye jina kamili, simu na mwaka wa kuzaliwa wa mtu, mfumo unalipiga kufuli," aliwaeleza wafanyakazi. "Likitumwa nje, linazuiwa. Na aliyetuma haambiwi, anaona 'Imetumwa' tu. Mwizi asijue kashikwa."

"Na wewe ukijisahau?" Rahma akauliza.

"Mie? Mie ndiye niliyeutunga!"

Mola atuepushe na ujeuri wa mafundi. Wiki ya kwanza tu mfumo ulifungia ratiba ya zamu, ukafungia na orodha ya waliotaka wali wa mchana, watu wakashinda na njaa. Wa kufungua alikuwa mmoja tu, Bi Rumaitha, mkuu wa hospitali, naye aliletewa arifa nyingi mno hata akaacha kuzisoma.

Lakini mapenzi hayana kufuli. Simu zikaanza.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Mfumo wako leo umekula nini?"

"Usinicheke, Rahma. Mie n'takuoa, utakuja kunicheka nyumbani."

"Ah! Wanaokanyaga nguo za watu nao huoa?"

Zahran akatuma wazee kuposa. Mzee Bakar wa Tibirinzi si mtu wa kulainika upesi. Tangu viingie vyama vingi, haozeshi bila kujua babu wa mtu alikuwa upande gani. Akawaambia washenga, "Nataka nasaba yake kwa maandishi, mpaka babu wa tano. Ya kuambiwa kwa simu siitaki. Ijumaa ikipita alasiri sijaiona, namkubalia Othman."

Othman, mposaji mwingine, alikuwa muuza saruji. Mtu mwema, ila mazungumzo yake yote yalikuwa saruji.

Zahran akaketi kwenye kompyuta ya hospitali, akaandika nasaba, simu yake na mwaka wa kuzaliwa. Kwa vile ni mkweli, akaongeza na kasoro zake. Akamtumia Rahma kwenye simu yake, aichapishe. Kioo kikaandika "Imetumwa". Akalala usingizi mnono.

Ijumaa asubuhi simu ikalia.

"Zahran, nasaba iko wapi?"

"Si nishakutumia tangu juzi!"

"Sijaona kitu mie. Kama hunitaki sema, usinifanye mtoto."

"Weye ndiye uliyenyamaza! Nikajua baba kakataa, unaona haya kuniambia."

"Haya nikuonee weye? Na hiyo kutumwa imeandikwa wapi?"

"Imeandika 'Imetumwa'! Natazama hapa kwa macho yangu, 'Imetu...'"

Hapo akakumbuka kufuli lake mwenyewe. Rahma, asiyejua hilo, akakata simu, akaenda stoo kulia. Alimpenda, na kufikiria kuzungumzia saruji mpaka uzeeni kulimzidishia kilio.

"Inna lillahi!" Zahran akashika kichwa, akatoka mbio kwa Bi Rumaitha.

Bi Rumaitha akavaa miwani, akalifungua faili. "Kanuni yako inataka nisome kwanza." Akasoma kwa sauti, mlango umejaa wauguzi, Rahma nyuma yao na macho mekundu. "Zahran bin Saud bin Hilal bin Sameer bin Khalfan bin Nasser bin Salim, asili ya Ole. Kasoro: nakoroma. Naogopa paka. Tangu nimjue Rahma, naambiwa mambo sisikii."

Wauguzi wakaangua kicheko. Rahma akafuta machozi kwa mtandio, naye anacheka.

"Basi nipe nichapishe, Bi Rumaitha."

"Thubutu! Taarifa za mtu hazitoki nje. Si umetuimbia wiki nzima? Hata ukiandika upya ni siri ileile. Ila mwenyewe hukufungiwa. Twende ukaseme kwa mdomo wako."

Alasiri ilipoadhiniwa walikuwa wameshafika Tibirinzi. Wakaswali, kisha wakakaa barazani. Zahran alikuwa ndani ya kanzu ya kuazima iliyomwishia juu ya vifundo.

"Nilitaka maandishi," akasema Mzee Bakar.

"Maandishi yamefungwa, Mzee wangu, na aliyeyafunga ndiye huyu," akajibu Bi Rumaitha. "Msikilize."

"Haya. Lakini akikosea hata babu mmoja, namkubalia Othman."

Zahran akakohoa. "Mie ni Zahran bin Saud, bin Hilal, bin Sameer, bin Khalfan, bin..."

Paka wa nyumba akapita, akamsugua mguu. Zahran akaruka, na babu wote waliobaki wakaruka naye, hakuna hata mmoja aliyerudi.

"Bin Khalfan bin nani?" Mzee Bakar akauliza.

Zahran akaanza kuhesabu kwa vidole. Jasho linamtiririka.

"Bin Nasser bin Salim, wa Ole, baba!" sauti ikapaa nyuma ya pazia.

Mama mtu akasikika akimkanya mwenye sauti. Mzee Bakar akageuka polepole.

"Na huyo Salim alikuwa upande gani?"

"Alikufa vyama havijazaliwa, baba!"

Mzee akazuia kicheko, kikamshinda. "Binti keshawahifadhi wazee wa mwenziwe, mie nikatae nini tena? Othman n'tampigia mwenyewe." Kisha akapaza sauti kuelekea ndani, "Na mtoeni huyu paka, mkwe wangu atanizimikia hapa!"