Ubeti wa Nne

Jirani yetu mmoja, fundi wa kurekodi muziki, alifungua studio yake saa tatu asubuhi kama kawaida. Akafagia, akajimiminia chai, akakaa mbele ya mitambo ausikilize wimbo wa mdogo wake. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi tangu msiba.

Huyo mdogo wake waliyemwita Radi, kwa ngurumo ya koo lake, alikuwa mwimbaji wa hevi metali, muziki wa magitaa makali na sauti za kunguruma. Nyimbo zake zote zilikitukana kifo: wafalme waliogoma kuingia kaburini, askari waliokunywa moto wasizeeke. Mama yao alizoea kumtania, "Mwanangu, kifo hakina masikio." Mapafu ya Radi yalipougua, utani ukaisha. Wimbo wa mwisho aliuimba amekaa kitini, beti tatu, huku akihema. Kiitikio kilisema: *Nifungeni ndani ya sauti, mauti hayana ufunguo.*

"Dada," alinong'ona walipomaliza kurekodi, "usikubali wimbo huu ufutike. Niahidi."

"Nakuahidi, mdogo wangu."

Wiki mbili baadaye wakamzika.

Basi asubuhi ile dada aliuweka wimbo. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. Akanyoosha mkono azime.

Ubeti wa nne ukaanza.

Hakukuwa na gitaa wala ngoma. Sauti ya Radi tu, imekauka.

"Dada. Huku ni kwembamba."

Akavua visikizio vya masikioni upesi. Sauti ikabaki palepale, sikioni.

"Kila ukiniweka, nakata roho upya. Pumzi ileile. Maumivu yaleyale."

Dada akaziba mdomo. Siku arobaini na moja. Kila asubuhi, na kikombe cha chai mkononi.

"Nisamehe," akanong'ona. "Sikujua. Nilikuwa na hamu na wewe tu."

"Nifute."

"Nilikuahidi, Radi."

"Niliomba kwa woga, dada. Nifute."

Nyimbo nyingine Radi aliziimba jukwaani tu; dada hakuwa na sauti yake nyingine popote. Akiifuta hii, hata pumzi yake hataisikia tena. Akasogeza mshale wa kompyuta hadi penye neno la kufuta.

"Haya, nenda baba. Nenda ukapumzike."

Akabonyeza.

Kimya. Kimya cha nyumba iliyohamwa.

Mchana alikwenda kwa mama yao, akamweleza yote. Mama hakumbishia. Alimshika mkono ili amfariji, kisha akaugeuza taratibu kuelekea mwangaza wa dirisha. Akashusha pumzi.

Kwenye kifundo cha mkono uliobonyeza palikuwa na alama za vidole vitano, vyembamba, vya mtu aliyekonda kwa ugonjwa. Hazikuuma. Zilikuwa baridi tu.

Hazijatoka mpaka leo. Na dada hajui: Radi alikuwa akimsaidia kubonyeza, au akimzuia.