Kijiji Kisichohama

Siku ya Jumatatu Habibo aliihamisha nyumba yake kwa mara ya tatu. Hakwenda mbali. Alisogea hatua arobaini tu.

Nyumba yake ilikuwa ya fito na mikeka. Mwanamke hodari huivunja asubuhi, huipakia juu ya ngamia, na jioni imesimama kwingine. Tangu enzi za mababu, wafugaji walishinda uchafu kwa njia hiyo. Nzi wakizidi na ugonjwa ukiingia, watu huhama. Jua na upepo hubaki kupasafisha. Ni dawa nzuri, nami siicheki.

Lakini ulikuwa mwaka wa 1967, wakati wa vita kati ya serikali na waasi. Serikali iliwakusanya wafugaji katika kijiji kimoja kando ya mji wa Garissa. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Ua wa miiba ulikizunguka kijiji, lango lilifungwa kila jioni, na hata mchana mtu alitoka kwa ruhusa tu. Nyumba mia mbili zilisongamana. Usiku hakuna aliyeweza kwenda porini, basi watu walijisaidia nyuma ya nyumba zao. Kila Habibo alipohama, alihamia juu ya uchafu wa jirani.

Rukiyo, binti yake wa mwaka mmoja, alikuwa anahara tangu Ijumaa. Wiki hiyohiyo jirani yao Kaaha alikuwa amemzika mwanawe. Habibo aliogopa mno.

Jumanne asubuhi alikuja Kinoti, bwana afya, mtu wa Meru.

"Assalamu aleikum, Mama Rukiyo."

"Aleikum salaam, Bwana Afya. Mtoto yangu naumwa. Mimi nimehama mara tatu, lakini ugonjwa nafuata mimi tu."

Kinoti alimtazama mtoto. Macho yake yalikuwa yamedidimia.

"Twende hospitali sasa hivi. Nitakuombea ruhusa langoni. Nawe endelea kumnyonyesha, usimwachishe ziwa."

Rukiyo alilazwa siku nne, akapona. Siku ya kurudi, Kinoti alimwambia Habibo ukweli.

"Mama, mkirudi na kuishi vilevile, ataugua tena."

"Sasa nifanye nini? Kuhama mbali nimekatazwa."

"Zamani mlihama nyinyi, uchafu ukabaki. Sasa nyinyi ndio mmebaki. Watu wengi wakikaa mahali pamoja, lazima uchafu ufukiwe. Nzi hutua kwenye kinyesi, kisha hutua kwenye maziwa ya mtoto. Chimbeni choo, shimo refu kuliko mtu. Chemsheni maji ya kunywa. Mtu akitoka chooni anawe mikono."

Habibo alifikiri.

"Choo iko shida. Wanaume wakiona mwanamke naenda huko, ni aibu kubwa. Hawezi kwenda."

Kinoti alikuwa amefanya kazi Garissa miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. "Hilo sikulifikiria," alisema. "Basi cha wanawake kiwe peke yake, na mlango uelekee kwenye ua wa miiba."

"Hapo sawa," alisema Habibo.

Mumewe, Mursal, hakupenda habari hiyo. "Sisi ni watu wa mifugo," alisema. "Kuchimba mashimo ni kazi ya wakulima."

"Na kaburi la mtoto wa Kaaha lilichimbwa na nani?" aliuliza Habibo.

Mursal ndiye aliyelichimba. Alikwenda kwa Kinoti, akaazima jembe.

Siku ya pili mchanga uliporomoka, shimo likajaa. Majirani wawili walicheka. Kinoti hakucheka. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema, akaleta mapipa matupu yaliyotobolewa chini na juu. Waliyashusha moja juu ya jingine, mchanga ukazuilika.

Sasa ukatakiwa ukuta wa kukisitiri choo, na kukata miti nje ya ua kulikatazwa. Habibo aliingia nyumbani, akaanza kufungua fito. Fito hizo zilipindwa na mama yake kwa ajili ya harusi yake.

"Habibo, acha," alisema Mursal. "Siku tukiruhusiwa kuondoka, tutalala wapi?"

"Siku hiyo nitakata nyingine. Leo mwanangu yuko hapa."

Alizing'oa nusu, akiuma mdomo asilie. Kaaha alikuja na mikeka miwili, akashika upande wa pili wa ukuta. Wiki hiyo familia ya Habibo ililala imebanana kama dengu ndani ya gunia, lakini choo kilisimama.

Kaaha alikuwa wa pili kuchimba. Kisha wale majirani waliocheka walikuja kuuliza jembe liko wapi. Kabla ya mvua vilikuwa vyoo kumi na kimoja. Tangu hapo upande huo wa kijiji haukuzika mtoto kwa sababu ya kuhara.

Vita vilipokwisha lango lilifunguliwa. Wengi walipakia ngamia wao siku hiyohiyo.

"Tuondoke," alisema Mursal. "Malisho ni mazuri huko Balambala."

"Wewe nenda na mbuzi," alijibu Habibo. "Hospitali iko hapa. Shule iko hapa. Nilifungiwa hapa bila kupenda. Sasa nakaa kwa kupenda."

Mursal alikwenda. Habibo alikandika udongo ukuta wa nyumba yake, wa kwanza katika maisha yake, na ulikuwa umepinda kidogo. Baada ya miezi miwili Mursal alirudi na kibuyu cha maziwa. Alisimama nje, akauliza mlango uko wapi. Rukiyo alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akamshika mkono, akamwingiza ndani.