Mpe Mgeni Mtoto

Mchezo ulijua kwamba kikombe cha mwamuzi kilikuwa kimevunjika mkono.

"Upo sebuleni," maandishi yalisema. "Mezani kuna kikombe kisicho na mkono. Mlango wa chumbani uko wazi. Ndani amelala mtoto."

Mwamuzi alikitazama kikombe kilichokuwa kando ya kompyuta, akajichekea. Vikombe vibovu viko kila nyumba. Na watoto je? Chumbani alilala wa dada yake, hajaanza hata kutambaa, ameachiwa mama mdogo mpaka mama yake atoke kazini.

Lilikuwa shindano la kirafiki. Marafiki waliosoma pamoja walitunga michezo ya maneno matupu: unaandika amri, kompyuta inakujibu kilichotokea. Mshindi hupata haki ya kuwatambia wenzake, basi. Lakini yeye, aliyepewa kazi ya kuwaamua, hakujua kufanya jambo nusunusu. Kila kitu alikijaribia kila tendo, hata la kipuuzi, kwani mchezo uliosuguliwa vizuri hujua kuujibu upuuzi. Siku hiyo alikwisha kula mlango, kubusu ngazi na kuuza mvua.

"Wewe mwamuzi au mbwa wa polisi?" mwandalizi wa shindano alimtania kwenye simu. Mwandalizi huyo walimwita Kipara kwa sababu ya msitu wa nywele zake.

"Mbwa wa polisi hupewa mfupa. Mimi hata asante hamnipi."

Akaiacha simu wazi mezani, akaendelea.

"Kuna mtu mlangoni. Anapiga hodi."

Akaandika: karibu.

"Mgeni ameingia. Anamtazama mtoto."

Harufu ya nywele zilizoungua ikapita sebuleni. Majirani hao, aliwaza, vidole vikikimbia. Funika mtoto. Bembeleza mtoto. Kila amri ilipata jibu safi, naye akaongeza alama. Kisha, kwa mazoea yaleyale ya kutobakiza kitu, akaandika: mpe mgeni mtoto.

"Mgeni amempokea. Anashukuru."

Chumbani kitanda kililia, kama kimeinukiwa na mtu mzito.

"Kipara," alinong'ona, "huu mchezo wa nyumba katunga nani?"

"Nyumba gani? Tuna wa kisima, wa soko, wa treni. Wa nyumba hatuna. Dada, mbona unanong'ona?"

Alikwisha kufika chumbani, na kitandani shuka lilikuwa bado na joto na shimo dogo la mwili, lakini mwili haukuwepo, wala chini ya kitanda, wala nyuma ya pazia, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani, na ile harufu ilikuwa nzito zaidi huko, akarudi kwenye kompyuta akijigonga kwenye kuta, akaandika: rudisha mtoto.

Hakusema yupi. Yeye, aliyewakata wenzake alama kwa amri zisizo kamili, hakusema yupi.

"Mtoto mmoja amewekwa kitandani."

Kilio kikapaa kutoka chumbani. Alikimbia, akamkumbatia, akalia naye, akambusu mpaka kwenye nyayo. Hakutaka kujiuliza kitu. Alikuwa bado amemkumbatia pale sebuleni dada yake alipoingia na mwavuli unaodondosha maji.

"Haya nipe mwanangu. Heh! Mbona mzito hivi? Umemlisha mawe?"

"Amekula vizuri, dada."

"Na ananuka moshi. Ulikuwa unapika naye mgongoni?" Dada alicheka, akamweka begani, akaanza kumwimbia. Mtoto alinyamaza papo hapo. Juu ya bega la mama yake alimkazia macho mama yake mdogo, bila kupepesa.

Kwenye kompyuta, pasipo mtu kugusa kitu, mstari mmoja ukajiandika, halafu mwingine. Mwamuzi akabonyeza vitufe vyote, kimoja baada ya kingine. Hakuna kilichoitika.

"Upo gizani. Wewe ni mdogo sana. Unamsikia mama yako akiimba.

"Anamwimbia mwingine."